Kuku wa Dakika Ishirini na Tano

Semina ya kusimamia muda ilichukua siku tatu, moja zaidi ya zilizotangazwa. Siku ya kwanza ilichelewa kuanza kwa saa moja na nusu kwa sababu mwezeshaji alisahau nyumbani waya wa projekta. Ya pili iliishia kwenye chakula cha mchana. Ya tatu iliongezwa ili kufidia ya kwanza. Meneja alirudi kazini akiwa na cheti, kalamu za rangi nne, ubao mweupe, madaftari yaliyopigwa mistari ya robo saa, na kuku.

Kuku alikuwa wa plastiki, wa manjano, ukubwa wa ngumi. Ukimzungusha kichwa alihesabu dakika ishirini na tano, kisha akalia kwa sauti iliyovuka kuta mbili. Mwezeshaji alikuwa amethibitisha, kwa picha za ubongo, kwamba binadamu hawezi kutulia kwenye kazi moja zaidi ya muda huo. Kuku akilia, mfanyakazi anaweka chini alichoshika, anapumzika dakika tano, na anaandika alichofanikisha. Hakuna aliyemuuliza mwezeshaji kama amewahi kushika bakuli la plasta.

Karakana ilikuwa ya meno ya bandia. Ilikuwa na vyumba viwili nyuma ya zahanati ya daktari wa meno: kimoja cha plasta na maji, kingine cha nta na mashine ya kung'arisha. Iliasisiwa na baba yake Meneja, ambaye alipostaafu alimwachia binti yake mkubwa kazi na kijana wake wa mwisho uongozi. Aliuona mgawanyo huo kuwa wa haki, kwa kuwa binti alijua kazi na kijana alikuwa na shahada ya uongozi.

Binti huyo aliitwa Dada na kila mtu, hata na wagonjwa waliomzidi umri kwa miaka thelathini. Vifaa vyake vya kusimamia muda vilikuwa viwili. Cha kwanza ni ubao wa misumari kumi na miwili, mmoja kwa kila hatua ya kazi, ambako kikaratasi chenye namba ya mgonjwa kilihama kutoka msumari hadi msumari. Cha pili ni mgongo wa mkono wake wa kushoto. Plasta ikishachanganywa na maji ina dakika chache tu za kumiminwa kwenye kipimo, yaani ile chapa laini ya fizi ambayo daktari ameichukua kinywani. Baada ya hapo huanza kuwa jiwe, na inapokuwa jiwe hupata joto. Joto likiisha, imekomaa. Dada aligusa kwa mgongo wa mkono, akajua. Kwa miaka ishirini na miwili mkono huo haukuhitaji betri.

Katika wiki ya kwanza ya mfumo mpya, Meneja alikusanya madaftari na kuyapaka rangi: kijani kwa kazi yenye tija, nyekundu kwa upotevu. Ukurasa wa Dada ulisomeka hivi: kumimina plasta, kusubiri, kusubiri, kupanga meno, kusubiri, kuchemsha, kusubiri. Akapiga hesabu. Asilimia sitini na moja ya maisha ya dada yake kazini ilikuwa nyekundu.

Alimwita ofisini, akamwonyesha kwa upole, kama mtu anayeonyesha picha za mapafu. Dada aliutazama ukurasa kwa muda.

"Na wewe daftari lako lina nini?"

"Langu?" Meneja aliligeuza ili alione. Lilikuwa la kijani kuanzia juu hadi chini. Mkutano, kupanga mkutano, kutathmini mkutano, kupaka rangi.

"Hongera, mdogo wangu," alisema Dada, akarudi kwenye plasta.

Fundi wa pili aliitwa Bwana Nta, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupanga meno kwenye nta kabla hayajageuzwa kuwa ya kudumu. Alikuwa na miaka hamsini na mitano na alizungumza kama anayelipia maneno. Alikuwa na kanuni moja: mkubwa akitoa agizo, litekelezwe lote, neno kwa neno. Aliamini kwamba hakuna mgomo unaoumiza kama utii, na hakuna barua ya onyo inayoweza kuandikwa dhidi yake.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Jumatatu ya wiki ya pili, dalali alipokuja.

Alikuwa mzee mrefu, mwenye koti safi na mashavu yaliyoingia ndani. Kwa miaka kumi na minane alikuwa ameendesha mnada wa kila Jumamosi katika yadi ya samani kuukuu, na riziki yake ilitegemea kutaja namba haraka kuliko watu wanavyofikiri. Meno yake ya mwisho yalitolewa miezi miwili nyuma. Tangu hapo jukwaani alikuwa amepandishwa mpwa wa mwenye yadi, kijana aliyetaja bei kama anayesoma tangazo la msiba. Mwenye yadi alikuwa amevumilia kiasi chake. Sasa ametoa neno la mwisho: Jumamosi hii saa nne asubuhi, dalali asipopanda jukwaani na kueleweka, jukwaa ni la mpwa moja kwa moja. Mzee aliyaeleza haya kwa kurudiarudia, kwani bila meno hata jina lake mwenyewe lilitoka likiwa limelowa.

Meneja alifungua kikokotoo. Alijumlisha dakika zote ambazo mikono ya mafundi ingegusa kazi hiyo, akapata saa sita na dakika arobaini. Kinadharia, alisema, ingeweza kuwa tayari jioni hiyo. Lakini kwa tahadhari ya kitaalamu akaahidi Ijumaa saa tatu asubuhi, akaiandika kwenye ubao mweupe katika kisanduku cha Haraka na Muhimu. Kisanduku hicho kilikuwa na mambo kumi na moja tayari, mojawapo likiwa kununua ubao mwingine kwa sababu kisanduku kimejaa.

Dada alimwambia mdogo wake, mlangoni, kwamba itakuwa Ijumaa saa saba mchana. Meneja aliuliza saa nne hizo za katikati ni za nini.

"Za kupoa."

"Kupoa si kazi, dada."

"Basi usiiandike."

Mchana huohuo daktari alichukua kipimo cha kinywa cha dalali na kukileta nyuma. Dada alikuwa ameitwa ofisini kwa mara nyingine kuhusu rangi nyekundu, kwa hiyo Bwana Nta ndiye aliyechanganya plasta. Alimimina nusu ya kwanza, upande wa kulia. Kuku akalia.

Bwana Nta aliweka bakuli chini. Aliketi, akaweka mikono juu ya magoti, akatazama ukuta kwa dakika tano kamili. Kisha akafungua daftari na kuandika kwa mwandiko mzuri: Nimefanikisha kuchanganya plasta. Alipoinua kijiko, bakuli lilikuja nacho. Ndani ya kipimo kulikuwa na nusu kinywa cha jiwe. Nusu nyingine ilikuwa imebaki kwenye bakuli, nayo pia jiwe.

Meneja alimuuliza, sauti ikiwa imepanda kidogo, kwa nini hakumalizia tu. Bwana Nta alimfungulia ukurasa wa nne wa mwongozo, penye maneno "bila kujali ulichoshika", na sahihi ya Meneja chini yake. Dalali alipigiwa simu arudi kesho yake kupimwa upya. Siku moja ilikuwa imekwenda. Meneja alitoa waraka mfupi ulioelekeza kwamba kuanzia sasa plasta ichanganywe mara tu baada ya mlio.

Jumanne Dada alimimina mwenyewe. Kuku alikuwa kwenye droo, chini ya taulo tatu, akilia kama mwenye mafua. Plasta ilipoanza kupata joto, Dada hakuketi. Ilipokomaa, alichukua ule mfano wa kinywa cha dalali, wa juu na wa chini, akautengenezea nakala ya pili, akaifunga kwenye kitambaa na kuiweka rafu ya juu. Alifanya hivyo kwa kila kazi yenye tarehe isiyosogea, tangu mwaka mmoja ambao hakupenda kuuzungumzia. Kwenye daftari aliandika "kusubiri", kwani hapakuwa na safu ya kitu ambacho hakuna aliyekiagiza. Jioni neno hilo likapakwa rangi nyekundu.

Jumatano mafundi hao wawili walipanga meno kwenye nta. Alhamisi asubuhi dalali aliyajaribu mbele ya kioo. Dada alikuwa na namba yake ya majaribio, ambayo hakuna meno mabaya yaliyowahi kuipita: elfu sita mia sita sitini na sita. Mzee aliitaja. Kila "s" ilitoka na filimbi ndogo. Bwana Nta alipasha moto kisu, akasogeza meno mawili ya mbele nyuma kwa upana wa unywele. Mzee akaitaja tena, safi. Akaitaja mara ya tatu bila kuombwa, haraka, mkono ukiwa juu kana kwamba ameona mnunuzi pembeni, kisha akageuza uso dirishani. Dada alimpa kitambaa na kumwambia ateme nta.

Mchana nta ilitolewa na nafasi yake ikajazwa plastiki ya rangi ya fizi, ndani ya visanduku viwili vya shaba vilivyobanwa kwa skrubu: kimoja cha meno ya juu, kimoja cha chini. Vikatumbukizwa kwenye tangi la maji ya moto. Saa kumi na moja jioni Dada alizima moto. Visanduku vilipaswa kubaki humohumo hadi asubuhi, vikipoa pamoja na maji, polepole, kwa sababu plastiki inayopozwa ghafla hujikunja. Ni jambo lisilo na siri. Limeandikwa nyuma ya kila kopo la unga wake, na kwenye karatasi ukutani juu ya tangi, kwa mwandiko wa baba yao.

Meneja alibaki peke yake. Aliitazama ratiba: Ijumaa saa tatu. Alitazama tangi, ambalo halikuwa likifanya chochote kinachoonekana. Saa kumi na mbili alimtoa kuku kwenye droo, akamzungusha kichwa, akatoa kisanduku cha kwanza kwa koleo, akakiweka chini ya bomba la maji baridi hadi mvuke ukaisha. Akakifungua kwa nyundo, akauvunja mfano wa plasta uliokuwa ndani na kuyatoa meno ya juu. Yalikuwa yanang'aa, ya waridi, mazuri kabisa. Akanyoosha mkono kuchukua kisanduku cha pili. Kuku akalia.

Meneja alikuwa mtu wa msimamo. Aliweka koleo chini, akapumzika dakika tano, akaandika alichofanikisha. Kwa kuwa simu ilimkumbusha kwamba saa kumi na mbili na nusu ni muda wa familia, akaondoka. Meno ya chini yalibaki kwenye tangi usiku kucha, yakipoa kama inavyotakiwa. Kama kuna la kumshukuru kuku katika wiki ile nzima, ni hilo.

Ijumaa asubuhi Dada alikuta meno ya juu mezani juu ya karatasi ya manjano iliyoandikwa: Tumeokoa saa 14! Alishusha nakala kutoka rafu ya juu, akafungua kitambaa, akayaweka meno juu yake na kuyagusa kwa kidole kimoja upande wa kulia. Upande wa kushoto ukainuka. Akagusa kushoto, kulia kukainuka. Yalicheza kama meza kwenye sakafu mbovu.

Bwana Nta alikuja akasimama nyuma yake. "Kinywani?"

"Yatamwangukia kwenye mia mbili."

Saa tatu kamili dalali aliingia, kanyoa ndevu, amevaa tai. Meneja alikuwa amemwita mapema na simu yake ilikuwa tayari kwa picha. Dada hakumpa nafasi. Alimwonyesha mzee meno na jinsi yanavyocheza, akamweleza kilichotokea kwa sentensi mbili, bila kumtaja mtu. Hakukuwa na haja, kwani uso wa Meneja ulikuwa umejitaja.

Mzee alikaa kwenye kiti cha karibu. Alishika tai yake kama anayetaka kuivua.

"Dada, niambie ukweli. Nimwambie mwenye yadi basi?"

"Kesho saa mbili na nusu yatakuwa kinywani mwako," alisema Dada. "Kama hakuna mtu atakayenisaidia."

Dalali alimtazama, kisha akamtazama Meneja, kisha kwa mara ya kwanza wiki hiyo akacheka, fizi tupu. Alisema angekaa nyumbani bila kumpigia mtu simu. Dada alisema huo ndio msaada aliokuwa akiutafuta.

Alipotoka, Meneja alifungua mdomo. Alikuwa na mapendekezo matatu. Dada alinyoosha mkono.

"Kuku."

Akampa.

"Simu."

"Dada, simu ina ratiba yote ya…"

"Najua ina nini."

Vyote viwili viliingia kwenye droo ya taulo. Ufunguo ukaingia mfukoni mwa Dada. Kisha akaanza kazi, na mtu asiyejua angesema hakuna aliyekuwa na haraka. Alilainisha plastiki iliyojikunja na kutoa meno moja moja. Bwana Nta aliyapanga upya kwenye nta, juu ya ile nakala ambayo daftarini ilipakwa rangi nyekundu, akiyalinganisha na meno ya chini ambayo yalikuwa yametoka yakiwa mazima. Saa tano kisanduku kilijazwa plasta. Dada aliweka mgongo wa mkono juu yake, akaketi. Hakuna aliyesema lolote kuhusu asilimia. Joto lilipoisha, alinyanyuka. Saa nane kisanduku, kikiwa na plastiki mpya kwenye nafasi ya nta, kiliingia kwenye tangi.

Tangi lilikuwa na ugonjwa wa zamani: kidhibiti chake cha joto kilikuwa kimechoka, na lisipoangaliwa lilipanda hadi kuchemka kabla ya wakati, jambo ambalo huacha vitundu kwenye plastiki. Mtu alipaswa kukaa mbele yake, akitazama kipimajoto, akifungua na kufunga gesi kidogokidogo. Kwa kawaida alikuwa Dada. Alivuta kigoda, akakiweka mbele ya tangi, akamwonyesha mdogo wake.

"Mstari huu usivukwe. Kwa muda wa saa tatu."

"Halafu nafanya nini?"

"Hicho ndicho unachofanya."

Meneja aliketi. Dakika kumi za kwanza aligusa mfuko wake mara nane. Katika nusu saa alipendekeza kwamba wangeweza kutumia muda huu kujadili malengo ya robo mwaka. Bwana Nta aliwasha mashine ya kung'arisha. Baada ya saa moja Meneja aligundua kwamba zebaki huanza kupanda muda mfupi kabla ya maji kutoa sauti, na kwamba ukisikiliza sauti unakuwa umechelewa. Aliacha kuzungumza. Mara moja tu mstari ulikaribia kuvukwa, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye gesi. Saa kumi na moja Dada alimwambia azime. Alizima, akabaki ameketi, akitazama maji yakitulia. Aliuliza kama anaweza kwenda. Dada alimwambia kwamba muda wa familia haujafika, lakini anaweza.

Usiku huo ufunguo ulilala chini ya mto wa Dada. Saa kumi na mbili asubuhi ya Jumamosi alitumbukiza mkono kwenye tangi. Maji yalikuwa baridi kama ya mtungini. Akafungua kisanduku.

Saa mbili na dakika ishirini na tano dalali alikuwa kwenye kiti cha daktari. Dada aliyabonyeza meno kulia, kisha kushoto. Hayakucheza. Akamwomba namba yake.

"Elfu sita mia sita sitini na sita," alisema dalali. Hakukuwa na filimbi. "Nani anaongeza?"

"Usinichekeshe, bado nakagua."

Dada alimfuata hadi yadi, si kwa kushangilia bali kwa sababu meno mapya hujulikana baada ya nusu saa ya kazi, si kwenye kiti. Alisimama nyuma kabisa, karibu na makabati yasiyo na milango. Mwenye yadi alikuwa mbele na mpwa wake, ambaye tayari alikuwa ameshika kipaza sauti. Saa nne kasoro dakika moja dalali alikipokea kutoka mkononi mwake, kwa adabu, kama mtu anayempokea mgeni mzigo. Kabati la kwanza lilitoka, kisha vitanda, kisha viti vya ofisi iliyofilisika. Watu walicheka, wakanunua, wakajuta. Dada hakusikiliza bei. Alisikiliza sita, saba, sitini, sabini. Nusu saa ilipotimia mwenye yadi alikuwa amemtuma mpwa wake akabebe viti, na "s" zote zilikuwa safi. Dada akaondoka katikati ya meza ya kulia chakula, bila kuaga.

Jumatatu Meneja aliitisha kikao cha tathmini. Alisimama mbele ya ubao mpya, mkubwa kuliko wa kwanza, akatangaza kwamba baada ya uchambuzi wa kina wa wiki iliyopita, uongozi umebuni dhana mpya itakayoingizwa kwenye mfumo. Aliiandika kwa kalamu ya kijani, akaipigia mstari: Kusubiri kwa Kimkakati. Kila fundi angeruhusiwa kiasi chake kwa siku, baada ya kujaza fomu.

Bwana Nta aliuliza kama fomu ijazwe kabla ya kusubiri au wakati wa kusubiri. Meneja alisema hilo ni swali zuri na akaliandika kwenye Haraka na Muhimu.

Daftari lake la Ijumaa lilikuwa wazi mezani. Kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, kwenye mistari kumi na miwili, alikuwa ameandika neno moja kwa mwandiko wake mwenyewe, na alikuwa bado hajaamua alipake rangi gani. Dada alilitazama alipokuwa akipita. Alichukua kalamu ya kijani kutoka kwenye kishikio cha ubao, akaiacha juu ya ukurasa ule, akaenda chumba cha plasta. Kulikuwa na kipimo cha mama mmoja kilichomiminwa asubuhi. Alikigusa kwa mgongo wa mkono. Kilikuwa bado cha moto. Akaketi.